Upasuaji wa kurudisha nyuma taya la juu: kliniki ndogo tuangalie nini mgonjwa akisharudi nyumbani?

JinoLaAhero aliuliza:

Habari zenu wakubwa. Naomba msaada wa watu wanaolijua taya la juu kwa undani.

Kliniki zetu huku Nyando hazipasui taya. Mgonjwa mwenye taya la juu lililochomoza anapelekwa mjini, anapasuliwa, na kabla wiki haijaisha yuko nyumbani na barua inayosema "afuatiliwe kliniki ya karibu". Kliniki ya karibu ni sisi. Afuatiliwe nini, barua haisemi.

Barua hizo hutaja aina mbili: kurudisha nyuma kipande cha mbele pekee baada ya kung'oa gego dogo moja kila upande, na kukata taya lote la juu, ile ya Le Fort I. Je, madhara yake ni yale yale? Damu ya puani siku ya kumi ni kitu cha kawaida? Ufizi ukigeuka mweupe au wa bluu, tufanye nini kabla ya rufaa? Jino la mbele ambalo bado halisikii baridi baada ya mwezi mmoja, tulitibu mzizi? Na hili la mwisho, ambalo ukanda wa ziwa haulikwepi: mwenye selimundu akitaka upasuaji huu, tumweleze nini?

Mpasuaji_Ziwani alijibu:

Tuanze na hizo aina mbili, maana ukizichanganya utatafuta hatari mahali ambapo haipo.

Taya la juu lote haliwezi kurudi nyuma sana. Nyuma yake, kila upande, kuna mabawa ya mfupa wa pterigoidi, na taya limeegemea hapo kama kabati lililosukumwa hadi ukutani. Kwa Le Fort I utalipandisha, utalisogeza mbele, utalizungusha. Lakini ukitaka lirudi nyuma zaidi ya milimita 3 au 4 itabidi uondoe mfupa nyuma ya gego la mwisho, mahali pembamba, pa giza, palipojaa mishipa ya damu. Ndiyo sababu mtu ambaye magego yake yanakutana vizuri lakini meno sita ya mbele yametangulia hufanyiwa kile kipande cha mbele peke yake. Gego dogo la kwanza lina upana wa milimita 7 hivi; likitoka pande zote mbili, nafasi hiyo ndiyo kipande kinarudia. Le Fort I huja pale ufizi nao unapoonekana mwingi mtu akicheka, taya likahitaji kupandishwa. Kuna wakati zote mbili hufanywa pamoja: taya linashushwa kwanza, halafu linagawanywa vipande. Huyo ndiye mgonjwa wa kumwangalia kwa jicho kali kuliko wote.

Kwa nini? Kwa sababu ya chakula cha mfupa. Mfupa ukishakatwa kila upande unaishi kwa nyama iliyobaki imeushika. Katika Le Fort I chale hupita juu ya ufizi kutoka upande wa magego hadi upande wa pili, kwa hiyo damu inaingia kupitia kaakaa laini na nyama za nyuma ya shavu. Katika kipande cha mbele inategemea mbinu. Wunderer hufungua kaakaa na kukiacha kipande kimeshikwa na ufizi wa mbele. Cupar ni kinyume chake: hufungua mbele, kaakaa ndilo linalolisha. Wassmund huacha pande zote mbili na kufanya kazi kupitia vichuguu vidogo chini ya nyama. Ni salama zaidi kwa damu, lakini mpasuaji anaona kidogo. Basi barua ikisema Cupar na wewe unaona kaakaa limechanika au limekuwa jeupe, usingoje kliniki ya Jumatatu. Barua ikinyamaza kuhusu mbinu, piga simu uulize. Ni haki yako kujua.

Namna ya kupima: bonyeza ufizi kwa kitako cha kioo chako cha meno, uachilie, uhesabu. Wekundu unatakiwa kurudi ndani ya sekunde 2. Weupe unaobaki maana yake damu haiingii. Rangi ya zambarau inayorudi haraka kupita kiasi maana yake damu inaingia lakini haitoki. Pima na ufizi wa taya la chini ulinganishe, maana kwa watu wetu wengi ufizi una weusi wa asili na usipolinganisha utadanganyika. Siku tatu za kwanza ufizi kuvimba na kupauka kidogo si habari.

Ukiona weupe au zambarau, kwanza tafuta kinachobana. Mara nyingi ni kile kibao cha akriliki kilichofungwa kwenye meno, kimekaa juu ya kaakaa kwa nguvu, au raba zinazovuta kipande. Toa raba papo hapo. Kibao kilegezwe huku mpasuaji akiwa kwenye simu. Mwekee dripu, asipate baridi, presha isianguke, sigara marufuku. Asukutue kwa klorheksidini ya asilimia 0.2, mililita 10 asubuhi na jioni. Mahali penye tangi la oksijeni ya shinikizo kubwa, nayo hutumika. Kisha mpeleke siku hiyo hiyo.

Usichokifanya ni kukata wala kukwangua. Nyama iliyokufa hujitenga yenyewe, inachukua wiki kadhaa, na mara nyingi kinachopotea mwishoni ni ncha za ufizi kati ya meno. Anayeharakisha mkasi hugeuza hasara ya ufizi kuwa hasara ya mfupa na meno.

Chanzo cha nyama kufa huwa ni kipande kilichosogezwa mbali mno, vipande vingi kwa mkupuo mmoja, sigara, au kaakaa lililotobolewa na drili wakati wa kupunguza mfupa. Mpasuaji anatakiwa kuweka kidole upande wa mdomoni wa kaakaa, ahisi drili inavyokaribia. Kisha kuna joto, ambalo watu hulidharau: mfupa ukikaa nyuzi 47 kwa dakika moja huanza kufa, kwa hiyo maji ya chumvi lazima yamwagike kwenye drili na msumeno muda wote.

Kaakaa lililochanika linaweza kuacha tundu. Utalijua kwa uji unaotokea puani. Usilishone kliniki: nyama ya hapo hainyumbuki, utaliongeza tundu. Asipenge kamasi, ale vitu laini, arudi kwa aliyempasua. Tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe ndani ya wiki chache. Lisilojifunga hupangiwa upasuaji baada ya miezi, si wiki.

Ganzi: shavu, ubavu wa pua na mdomo wa juu hufa ganzi kwa sababu neva inayotoka chini ya jicho huvutwa na vishikizo vya nyama. Hurudi taratibu, kuanzia wiki kadhaa hadi miezi 6 au 12. Ganzi ya ufizi wa mbele na kaakaa inaweza kubaki kwa muda mrefu zaidi, na mgonjwa aambiwe mapema. Kutekenya na kuchomachoma kama sindano ni dalili njema.

Upofu upo katika vitabu, nadra sana, pale mvunjiko wa nyuma unapopanda kuelekea tundu la jicho au chini ya fuvu. Kazi yako ni ndogo: muulize anaona sawasawa? Machozi yanatiririka upande mmoja? Andika jibu.

Usingizi_Kakamega alijibu:

Daktari amesema ya mfupa. Mimi niseme ya damu na ya selimundu.

Le Fort I ya kawaida hutoa damu mililita 300 hadi 500 bila kosa lolote. Inayotisha ni ile ya patasi inapotenganisha taya na mabawa ya pterigoidi: ateri inayoshuka kwenye kaakaa ipo hapo, na juu yake kidogo ndiyo ateri kuu ya taya. Ndiyo maana tunainua kichwa cha meza nyuzi 15 hivi, tunashusha presha ya wastani hadi karibu 60 au 65, mpasuaji anachoma adrenalini iliyozimuliwa 1 kwa 200,000 kwenye ufizi, na asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, inaingia kabla ya chale, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo.

Kwa mwenye selimundu, ile ya presha iondoe kabisa kwenye mpango. Damu inayopita polepole, kwenye mwili wenye baridi, maji kidogo na oksijeni pungufu, ndiyo damu inayojikunja. Huyu anahitaji hemoglobini isiyopungua gramu 10 kwa desilita kabla ya kuingia. Wenye historia ya kiharusi au kifua kubana hujadiliwa na daktari wa damu, na huenda wakabadilishwa damu ili hemoglobini S ishuke chini ya asilimia 30. Dripu ianze usiku, asilale njaa na kiu tangu saa mbili jioni kwa sababu ya orodha ya thieta. Blanketi la joto. Oksijeni iendelee usiku mzima baada ya upasuaji, maana pua imeziba na mdomo umevimba.

Na hapa kuna jambo linalosahaulika: selimundu yenyewe huchomoza taya la juu. Uboho unafanya kazi ya ziada kutengeneza damu, mfupa unapanuka kutoka ndani, meno ya juu yanasukumwa mbele na kuachana. Kwa hiyo kijana wa Siaya, Homa Bay au Busia anayekuja na taya lililochomoza na meno yaliyoachana, mwenye macho ya manjano kidogo, apimwe selimundu kwanza, tena kwa elektroforesi, si kile kipimo cha haraka cha zamani (sickling) pekee, ambacho hakitenganishi mgonjwa na mbebaji. Mfupa huo ni mwepesi, umejaa uboho, unavuja damu, na skrubu hazishiki vizuri. Ukiingiwa na vijidudu, usaha wa mfupa kwa mwenye selimundu ni balaa refu. Wengi wao hufaidika zaidi na waya za meno peke yake. Mbebaji tu, yule wa AS, kwa kawaida hupasuliwa kama wengine ilimradi oksijeni isishuke.

Mengine ya thietani nitayapitia haraka kwa kuwa hayakufikii: moyo kupunguza kasi ghafla taya linaposhushwa (mpasuaji aache kuvuta kwanza, atropini baadaye), na mpira wa kupumulia unaopita puani kukatwa na msumeno. Lakini shashi ya kooni inakuhusu. Siku hizi huhesabiwa kwa sauti kabla mgonjwa hajaamshwa, hata hivyo ukipata mtu wa siku ya pili anayekohoa na kusema kuna kitu kooni, usimpe dawa ya kifua kabla hujamulika.

JinoLaAhero aliandika:

Asanteni sana, madaktari. Damu ya siku ya kumi bado sijajibiwa. Na homa je? Huku mtu akipata joto siku ya tano jirani wote wanasema malaria, na mara nyingi kipimo kinakubaliana nao.

SistaWadiNne alijibu:

Damu kwanza. Matone ya rangi ya kutu puani kwa siku saba hadi kumi ni damu ya zamani iliyolala kwenye sainasi, ule uwazi ndani ya mfupa kando ya pua, inatoka anapoinama. Hiyo muache. Damu nyekundu mbichi baada ya siku kadhaa za ukavu ni kitu kingine, hata kama ni kijiko kimoja na imekoma yenyewe. Ateri iliyojeruhiwa na patasi inaweza kuvimba kama puto na kupasuka ndani ya wiki mbili za kwanza, na kabla ya kupasuka huwa inachungulia hivyo. Mgonjwa akisema "ilitoka nyingi jana usiku lakini imekoma", huyo ni wa rufaa leo.

Ikimtoka mbele yako: akae wima, ainame mbele, ateme wala asimeze. Bana sehemu laini ya pua kwa dakika 15 kamili kwa saa, usichungulie katikati. Matone ya oksimetazolini, yale ya kubana mishipa ya pua, kama yapo. Mishipa miwili ya dripu yenye sindano kubwa, kijana wa maabara achukue damu ya kulinganisha kundi, asidi ya traneksamiki gramu 1 polepole kwenye mshipa. Ikiendelea kushuka kooni, katheta ya Foley namba 12 au 14 ipitishwe puani hadi uione nyuma ya kimio, jaza maji mililita 7 hadi 10, vuta mbele kwa upole mpaka ikwame, kisha jaza shashi mbele yake. Pitisha chini ukifuata sakafu ya pua, usielekeze juu: huyu mifupa yake imekatwa. Weka pamba kati ya pua na kibano kinachoishikilia katheta, la sivyo baada ya saa chache ngozi inakufa. Asiende kwa matatu. Ambulensi, na muuguzi ndani yake.

Homa: pima malaria, ndiyo, na ukiipata itibu. Ila malaria haivimbishi shavu la upande mmoja. Baada ya siku ya tatu uvimbe unatakiwa kupungua. Kilele chake ni saa 48 hadi 72. Ukiona umepungua halafu umerudi, upande mmoja, na mdomo unanuka au kuna ladha ya chumvi, hapo kuna usaha hata kama kipimo cha malaria kina mistari miwili. Magonjwa mawili yanaweza kumkalia mtu mmoja, na huku hilo si jambo la ajabu. Usaha unaotiririka karibu na pleti, kile chuma kinachoshikilia mfupa uliokatwa, wiki ya sita au mwezi wa tatu mara nyingi ni skrubu iliyolegea: dawa itaukausha, utarudi, dawa itaukausha tena. Hapo pleti itolewe, ikiwa mfupa umeshaunga.

Dawa za kuua vijidudu: wengi hutoka na amoksisilini yenye klavulanati ya siku 5 hadi 7. Wasiongezewe nyingine kliniki bila sababu.

Kutapika usiku wa kwanza ni damu iliyomezwa. Aliyefungwa meno kwa waya au raba lazima aende nyumbani na mkasi au koleo ndogo iliyofungwa kwenye kamba, na anayelala chumba kimoja naye ajue ni raba zipi za kukata. Mwonyeshe huyo ndugu kwa kidole, usimwelezee kwa mdomo tu.

Chakula. Wiki 2 za mwanzo ni vya kunywa, hadi wiki ya 6 ni vya kupondwa. Uji wa wimbi mwembamba uliotiwa maziwa na siagi ya njugu, supu ya samaki iliyochujwa, omena zilizokaangwa zikasagwa unga na kuchanganywa kwenye supu, parachichi, ndizi, mayai yaliyovurugwa laini. Atumie kikombe au bomba la sindano lenye mpira mfupi, si mrija: kunyonya kunavuta mishono na kuanzisha damu. Mpime kilo kila wiki. Kupungua kilo tatu nne ni kawaida, zaidi ya hapo hali vya kutosha, na kidonda cha mwenye njaa hakifungi. Muwa na mahindi ya kuchoma hapana kwa miezi 3 na zaidi, na muwa usimenywe kwa meno hata baadaye bila ruhusa. Miraa nayo ni kutafuna, isamehewe kwa muda huo huo.

Asipenge kamasi wiki 3. Akipiga chafya, mdomo wazi. Akikaidi utaona uso umevimba ghafla chini ya jicho na ukibonyeza unasikia kama unakanyaga majani makavu: ni hewa iliyoingia chini ya ngozi kutoka kwenye sainasi. Kwa kawaida hunywea yenyewe kwa siku kadhaa, lakini ikishuka shingoni au akipumua kwa shida, rufaa.

Vidonge vya kichwa vya dukani: soma karatasi. Vingi vina aspirini ndani, nayo huchochea damu kutoka.

Mpasuaji_Ziwani aliandika:

Sista, hapo kwa dawa tutofautiane kidogo. Dozi yenye kazi kubwa ni ile ya mshipani ndani ya saa moja kabla ya chale. Kwa kipande cha mbele kilichoenda vizuri, mtu asiyevuta sigara, siku moja au mbili baada ya hapo zinanitosha. Siku 7 nawawekea wenye vipande vingi au waliopandikizwa mfupa.

SistaWadiNne aliandika:

Mjini sawa, daktari. Anayerudi kulala nyumba ya maji ya kisima na anapiga mswaki kwa maji hayo hayo, mimi namuachia 5.

Waya_Nakuru alijibu:

Nimechelewa, lakini swali la jino lisilosikia baridi ni langu.

Msilitibu. Baada ya mkato juu ya mizizi, neva ndogo za meno hukatika lakini damu hupata njia nyingine. Kipimo cha baridi na cha umeme hupima neva, hakipimi damu. Jino linaweza kukaa miezi 6 hata mwaka bila kujibu na liko hai. Kinachomfanya mtu afungue jino ni ushahidi: weusi kwenye ncha ya mzizi katika eksirei unaokua kati ya picha mbili, kijipu kwenye ufizi, maumivu ya kugongwa, jino kuwa la kijivu pamoja na mojawapo ya hayo. Rangi peke yake haitoshi. Piga eksirei ndogo wiki ya 6, mwezi wa 6 na mwaka, kwa pembe ile ile, muweze kulinganisha.

Meno yaliyoumia kweli huwa ni mawili: chonge, kwa kuwa ndilo refu kuliko yote, karibu milimita 27 kutoka ncha hadi mzizi, na mkato wa mlalo unatakiwa kuwa milimita 5 juu ya hapo; na gego dogo la pili, lililo jirani na mkato wa wima. Hapa kosa linaanzia kwetu sisi wa waya. Mizizi isipotawanywa kabla ya upasuaji, ikaacha angalau milimita 3 za mfupa kati yake, msumeno hauna pa kupita. Wazazi wanaosukuma miezi 12 au 18 ya waya kabla ya thieta ifupishwe wanasukuma jambo hilo bila kujua.

Kwa wagonjwa wa Nakuru, Naivasha na Gilgil kuna kero nyingine: floraidi ya maji. Meno ya kahawia hayashiki gundi vizuri, vibati vinavyoshikilia waya vinabanduka, na kibati kikibanduka thietani wakati kibao kimefungwa kwake kwa waya, kipande kinakaa pasipo mahali pake. Tunakwangua ganda la juu kidogo, tunarefusha muda wa asidi kutoka sekunde 30 hadi 60 au zaidi, na magego yanafungwa pete nzima badala ya kibati. JinoLaAhero, ukikuta kibati kimeanguka wiki tatu za kwanza, usikirudishe kwa kubahatisha. Piga picha, piga simu.

Angalieni pia meno yanavyokutana, kila anapokuja, raba zikiwa zimetolewa. Akiuma, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini kukiwa na uwazi ambao siku ya kwanza haukuwepo, au mstari wa katikati umehama, mara nyingi ni kwamba kichwa cha taya la chini hakikuwa kimekaa kwenye kikombe chake pleti zilipofungwa, kwa sababu kuna mfupa nyuma uliokuwa unazuia. Katika wiki mbili za mwanzo hilo hurekebishwa kwa kurudi thieta. Ukivuta kwa raba nzito utaona limefunga, ukiziondoa limefunguka, na mgonjwa amepoteza mwezi. Ukishika kipande kwa vidole viwili baada ya wiki 6 na bado kinacheza, mfupa haujaunga: tafuta skrubu iliyolegea, sigara, au mtu aliyeanza kula nyama choma mapema.

Pua kupanuka ni malalamiko ya kweli, si majivuno. Chale ya Le Fort I huachanisha misuli ya chini ya pua, mabawa yanatawanyika, mdomo wa juu unakuwa mwembamba. Mpasuaji anatakiwa kupitisha uzi mmoja usioyeyuka upesi wa kuyavuta mabawa pamoja, na kushona mdomo kwa umbo la V linalogeuka Y. Asipofanya hivyo, miezi baadaye ni vigumu kurekebisha. Na mdomo haufuati meno milimita kwa milimita. Hurudi karibu nusu hadi thuluthi mbili ya mwendo wa meno. Kipande kikirudishwa mno, uso unazama chini ya pua na kijana anaonekana mzee. Chati za Wazungu, zile zinazosema pembe ya taya la juu iwe nyuzi 82, zikitumika kwetu bila kufikiri zitampeleka thieta mtu ambaye midomo yake ni ya kawaida kabisa kwa watu wake. Wengine tatizo lao ni taya la chini lililobaki nyuma, na kulikata la juu ni kumwadhibu asiye na kosa. Na aliyeng'olewa vichipukizi vya chonge za chini utotoni, ile tiba ya mtaani ya "meno ya plastiki", upinde wake wa chini husinyaa na wa juu ukaonekana umechomoza zaidi ya ulivyo.

JinoLaAhero aliandika:

Nimeelewa. La mwisho: kuna kijana anapiga tarumbeta bendi ya Jeshi la Wokovu upande wa Vihiga, atapasuliwa kipande cha mbele. Anauliza atarudi lini kwenye bendi.

Waya_Nakuru alijibu:

Kupuliza kunapandisha shinikizo kwenye sainasi na kunasukuma kipande hicho hicho kwa mdomo wa chuma. Asiguse kabla ya wiki 8. Halafu mpasuaji akishika kipande kisicheze, aanze na mdomo wa tarumbeta peke yake, dakika 5 kwa siku, bila noti za juu, wiki mbili. Aongeze kidogokidogo. Ganzi ya mdomo wa juu itamsumbua kuliko mfupa: hatasikia alipoweka chuma. Kama bendi ina nafasi ya ngoma, miezi hiyo akae huko.

Usingizi_Kakamega aliandika:

Na kabla ya hayo yote, ameshapimwa selimundu?

JinoLaAhero aliandika:

Bado. Kesho asubuhi nampeleka maabara.